Umegonga mnyama barabarani: kwa nini usikimbie

Ni jioni, mvua imetoka kukatika. Unatoka Gitega na taksi-moto au gari dogo, umefika Makebuko, na kwenye kona ng'ombe anakata barabara mbele yako. Breki hazitoshi. Muda mfupi baadaye mnyama amelala chini, watu wanashuka kutoka kilimani, na wewe una swali moja tu: nisimame au niende zangu?

Wapo wanaokwenda zao, na hofu yao inaeleweka. Dereva anaogopa watu wenye hasira. Dereva mkimbizi anaogopa zaidi: Kirundi hakijui vizuri, karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini pengine imeisha muda, na anahisi kwamba lawama itamwangukia mgeni. Lakini ukikimbia, tatizo moja linakuwa mawili. Ajali inaweza kumpata yeyote. Kutoroka umeamua mwenyewe.

Tazama pia upande wa mwenye mnyama. Salamu ya zamani ya Kirundi, "Amashyo", ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Ng'ombe ni maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, mahari, na akiba ya siku ya ugonjwa. Familia ikimpoteza na dereva asijulikane, hasira haimfikii aliyetoroka. Inamngoja dereva anayefuata, na maneno ya "ni wale wa kambini" huanza hivyo hivyo, hata kama aliyegonga hakuwa mkimbizi.

Je, kosa ni la nani? Tarehe 4 Oktoba 2018, Burundi ilipitisha sheria ya kufugia mifugo zizini na kukataza wanyama kuzurura. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujitayarisha, hadi Oktoba 2021. Tangu hapo utasikia madereva wakisema: "Mnyama akiwa barabarani, kosa ni la mwenyewe." Na wenye mifugo watakujibu: "Mwenye gari ndiye hulipa."

Kauli zote mbili zinaacha nusu ya ukweli. Sheria hiyo inamgusa mtu aliyeacha mnyama wake azurure. Haimpi dereva ruhusa ya kwenda kasi kwenye kona au katikati ya senta, wala haimwondolei wajibu wa kusimama. Na ng'ombe anayeongozwa kwa kamba kwenda sokoni hazururi. Jibu linategemea jinsi ajali ilivyotokea: mnyama alikuwa na mtu? Gari lilikuwa na mwendo gani? Taa zilikuwa zinawaka? Ukiondoka, maswali haya yatajibiwa bila wewe.

Basi, ukigonga mnyama, fanya hivi:

- Simama, washa taa za tahadhari, na weka alama nyuma ya gari. Kwenye milima yetu baiskeli na malori hushuka kwa kasi, na ajali ya pili inaweza kuua watu.
- Angalia watu kwanza: abiria wako, mchungaji, wapita njia.
- Usimkaribie mnyama aliyejeruhiwa. Pembe na mateke ya ng'ombe mwenye maumivu ni hatari.
- Piga picha za barabara, za mnyama na za gari kabla ya chochote kusogezwa.
- Mwite chefu wa kilima na polisi. Chefu atasaidia kumpata mwenye mnyama na kutuliza watu. Polisi wataandika PV. Bima ya lazima ni kwa ajili ya hasara unayowasababishia wengine, na bila PV ni vigumu kuidai. Kwa anayevuka mpaka, Kadi ya Njano ya COMESA inafanya kazi hiyo katika nchi zinazoitumia.
- Ukiona maisha yako yako hatarini, usibaki hapo. Nenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu ukaeleze. Huko si kutoroka, mradi ufike na useme.

Mara nyingi yanafuata mazungumzo ya malipo. Nchini Tanzania, barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na anayegonga mnyama pori huko hutozwa faini na serikali kulingana na aina ya mnyama. Ng'ombe wa Makebuko ana mwenyewe, na bei yake hujadiliwa. Ndiyo maana mapatano yaandikwe, yawe na mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Usitoe pesa bila karatasi. Usitie sahihi maneno ya Kirundi au Kifaransa usiyoyaelewa. Omba mtu unayemwamini akusomee. Kitambulisho chako cha mkimbizi kionyeshe, lakini usikiache rehani. Mambo yakikushinda, wapelekee ONPRA au wahudumu wa msaada wa kisheria kambini.

Na nyama? Usikubali ichinjwe na kugawanywa papo hapo. Mwaka 2022 Burundi ilipata mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ambao mtu anaweza kuupata kwa kugusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Mnyama anaweza kuwa aliugua kabla ya kugongwa. Daktari wa mifugo akague kwanza.

Kwa ndugu zetu wenye mifugo: dereva aliyesimama amekuheshimu. Mkimpiga, mnamfundisha anayefuata kukimbia, na siku hiyo ng'ombe wako atakufa bila mtu wa kumdai.

Kwa dereva: kabla ya kuwasha pikipiki au gari kesho, andika kwenye simu yako namba ya kituo cha polisi cha njia unayopita. Kisha punguza mwendo ukikaribia Makebuko.