Ukurasa wa Walimu: "Niseme nini, mwalimu?"



Mwezi uliopita tulimsindikiza mama mmoja wa kambini kwetu hadi Bujumbura, kwa munganga wa macho. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zinamkwaruza kila akipepesa. Miaka mingi alikuwa anazing'oa mwenyewe kwa kucha. Kabla ya kupimwa akaulizwa kama anakubali habari za macho yake ziandikwe kwa ajili ya utafiti. Akatugeukia sisi: "Niseme nini, mwalimu? Na mimi nitapata nini?"

Tulijikuna kichwa tu. Munganga ndiye aliyetuokoa.

Ugonjwa wenyewe ni trakoma. Mikono, vitambaa na nzi hupeleka vijidudu kwenye macho ya mtoto, tena na tena, mpaka ukope unapata kovu ndani na kujikunja. Mtoto wa leo anakuja kupofuka akiwa mtu mzima.

Hapa Burundi, mpaka 2007 haikujulikana kama trakoma ipo. Mwaka huo yalipochunguzwa magonjwa yaliyosahauliwa, ikaonekana. Uchunguzi wa 2009 na 2010 ukahakikisha. Kupima kwenyewe ni kugeuza ukope wa mtoto, kuangalia, kuandika. Hakuna anayeng'oa jicho, tuache zile habari za bombani! Ndipo kazi ikaanza katika wilaya 12 za afya, kukinga watu milioni 2.5. Na mwezi wa saba 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba trakoma si tena tatizo la afya ya umma nchini Burundi. Kama familia zile zingeficha watoto, nani angejua dawa zipelekwe wapi?

Kule Kongwa, Tanzania, vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya kupaka. Vitatu kati yake vikahimizwa pia kuwanawisha watoto uso. Matokeo yakatoka 1995: trakoma kali ilikuwa kidogo zaidi kwa hao wa kunawa. Ndiyo maana tunawasumbua asubuhi na nyuso za watoto.

Basi mama atapata nini? Pengine yeye mwenyewe hapati kitu. Watapata wajukuu. Na kukubali si lazima. Uliza wanatafuta nini, uliza kama jina lako litaonekana. Unaweza kukataa, unaweza kukubali halafu ukabadili mawazo, na matibabu yako yanaendelea vilevile. Mtu akikuambia ukikataa hutibiwi, huyo anakosea, njoo utuambie.

Mama yetu alikubali, ila jina lake hakutaka litoke. Alipasuliwa ukope wa jicho la kulia na sasa halimkwaruzi tena. La kushoto halitaona tena, kovu limeshaziba kioo cha jicho.

Wenye maswali watukute shuleni baada ya masomo. Tusipojua, tutamuuliza munganga.