Msiiuze kwa Kilo

Ndugu zangu wa Arua na Koboko, mkisikia neno bunduki mnashtuka, na siwalaumu. Amin alipoanguka mwaka 1979, bili ililetwa kwetu. Mwaka 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa hapo hapo. Lakini je, hofu hiyo itufanye tuyeyushe kila kitu chenye mtutu?

Baba mkubwa wangu kule Koboko anayo bunduki ya upepo ya babu, aliyofukuzia nyani shambani. Juzi alitaka kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, kama sufuria iliyotoboka. Nikamwambia, "Baba mkubwa, ngoja kwanza niisome." Akacheka: "Inasomwa? Hiyo ni Kurani?"

Inasomwa. Chini ya mtutu kuna kipande cha mti kinachofunguka kama mkono wa pampu. Unapampu mara kadhaa, hewa inashindiliwa ndani, na ukifyatua inasukuma kijirisasi. (Ile inayokunjwa mtutu ni nyingine, hutumia springi.) Kwenye bomba pameandikwa Benjamin, St. Louis, yaani imetoka Marekani. Pale rangi nyeusi ilipochubuka panang'aa manjano: ni shaba ya manjano, si chuma. Ndiyo maana mnunuzi aliing'ang'ania hivyo huku akilipa bei ya chuma!

Wenzangu darasani wanasema kukusanya bunduki kuukuu ni mchezo wa Wazungu. Bunduki ya upepo waliyoibeba Lewis na Clark kuvuka Marekani tangu 1804 inaandikiwa vitabu hadi leo. Ya babu yangu nani ataiandika, kama si mimi? Kiswahili nacho kiliitwa lugha ya askari hapa Uganda, na leo tunakifanyia mtihani.

Hoja ya hatari ndiyo nzito, nami naikubali. Bunduki ya upepo hutoboa jicho la mtoto. Basi tuipeleke polisi mchana kweupe, tuulize kama inataka kibali, na wakiizuia tuombe ipelekwe makumbusho. Ugomvi wangu na baba mkubwa uko hapo: miaka yote ameificha kwenye dari la nyasi, na sasa yuko radhi kuiuza usiku kuliko kuuliza mchana. Aliyemfundisha woga huo simjui kwa jina, ila najua alivaa sare.

Mnunuzi atarudi Jumamosi na mizani yake. Mimi nafika Koboko Ijumaa.