Baridi yabisi haiishii kwenye viungo: pumzi nayo ipimwe

Katika vituo vingi vya afya vya Kivu ya Kaskazini, mgonjwa wa baridi yabisi anaonyesha mikono iliyovimba, anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Ni mara chache mtu anamwuliza kama anakosa pumzi anapopanda mlima au anapobeba maji. Swali hilo halina gharama. Kutokuliuliza kunaweza kumgharimu mgonjwa mapafu yake.

Kwanza ieleweke ni ugonjwa gani unaozungumzwa. Watu wengi hapa wanaita kila maumivu ya mifupa rimatismu. Goti linalouma kwa sababu ya miaka mingi ya kubeba bidoni na magunia ni jambo lingine. Baridi yabisi yenyewe haitokani na baridi ya Masisi wala na kulala chini. Ni kinga ya mwili inayokosea njia na kuanza kushambulia mwili wenyewe. Inapenda viungo vidogo vya vidole, vifundo vya mikono na miguu, mara nyingi pande zote mbili. Asubuhi mikono inakuwa migumu kwa saa nzima au zaidi, hata kufunga kitenge ni kazi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani waliishi na ugonjwa huo, na karibu 70 kwa kila 100 kati yao walikuwa wanawake.

Kinga hiyo iliyopotea njia inaweza pia kuingia kwenye mapafu. Inaleta uvimbe ndani ya nyama ya mapafu, kisha makovu. Mapafu yenye makovu yanakuwa magumu kama ngozi iliyokauka juani, na hewa safi inapata shida kupita kwenda kwenye damu. Karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa baridi yabisi anapata shida hiyo kwa kiasi cha kuonekana. Kwa wengine iko ndani kimya, na kuna hata wale ambao mapafu yao yanaanza kabla ya viungo. Walio hatarini zaidi ni wanaume, wazee, wavutaji wa sigara, na wale ambao viungo vyao vimevimba muda mrefu bila matibabu mazuri. Makovu hayafutiki. Ndiyo maana kuchelewa kunauma.

Kwa nini ugonjwa huu unajificha? Dalili zake ni kikohozi kikavu, uchovu na kukosa pumzi wakati wa kazi. Lakini mwenye viungo vinavyouma hatembei sana. Haendi tena shambani, anatuma watoto kisimani, anakaa. Basi pumzi yake haijaribiwi, na siku anapoona kwamba hata kwenda chooni kunamchosha, ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Jamaa wanasema ni uzee. Wengine wanasema ni moshi wa makala.

Halafu kuna kifua kikuu. Kongo ni kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, kwa hiyo ni haki kabisa kwamba mtu anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi kwanza. Dawa za kifua kikuu ni za bure na zinaponya. Shida inaanza pale vipimo vinaporudi vikisema hakuna kifua kikuu, kikohozi kikaendelea, na hakuna anayeuliza swali la pili. Mgonjwa anapewa antibiotiki, baadaye nyingine, kisha anaachwa.

Akiachwa hivyo, familia inajitafutia jibu. Katika mitaa na vijiji vingi vya Kivu, mtu anayekohoa na kukonda bila kupona husemwa amepewa karuho, ile sumu ya polepole. Mifuko inafunguliwa kwa waganga, na jirani mmoja anaanza kutazamwa vibaya. Si vema kuwacheka wanaoamini hivyo. Kituo cha afya kilichomrudisha mgonjwa bila maelezo ndicho kilichoacha mlango wazi. Ugonjwa ukipata jina mapema, ugomvi mwingi wa majirani unakosa pa kuanzia.

Basi kituo kidogo kifanye nini? Mambo matatu. Muuguzi amwulize kila mgonjwa wa baridi yabisi, kila anapokuja, juu ya kikohozi na pumzi. Aweke kifaa cha kusikilizia mgongoni, chini, pande zote mbili: sauti ndogo kama ya majani makavu yanayokanyagwa, wakati mgonjwa anavuta hewa, ni onyo. Tena atumie kile kipimo kidogo cha hewa kinachobanwa kwenye kidole, ambacho wengi walikijua wakati wa Korona: apime mgonjwa akiwa amekaa, kisha baada ya kutembea dakika chache kadiri viungo vinavyoruhusu. Namba ikishuka kwa 4 au zaidi, mgonjwa asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu tu. Apelekwe hospitali kuu.

Ni kweli kwamba hayo hayatoshi. Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, American College of Rheumatology, unataka walio hatarini wapimwe nguvu ya mapafu kwa mashine ya kupulizia na wapigwe skana ya kifua. Picha ya kawaida ya radio inaweza kuonekana safi wakati makovu yameanza, na pumzi inaweza kupimwa nzuri kumbe ndani kuna kitu. Lakini skana iko mbali na ina bei. Uchunguzi wa kituoni hauchukui nafasi yake. Unasaidia kuamua nani asingoje, na familia iuze mbuzi kwa sababu iliyo wazi.

Kuna watakaosema: vituo vina kipindupindu, surua, mpox na majeruhi wa risasi; nani ana muda wa viungo vya wazee? Hoja hiyo ina uzito. Ila maswali mawili na kusikiliza mgongo havimalizi dakika 10, na mama asiyeweza kuvuta pumzi ni nyumba nzima iliyosimama bila mpishi, bila mkulima, bila mlezi.

Kuhusu dawa, jambo moja lisemwe kwa sauti. Deksa na prednizoloni zinazonunuliwa sokoni zinatuliza viungo haraka, lakini zinashusha kinga, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Aliyezitumia muda mrefu asizikate ghafla bila daktari. Anayetumia metotreksati anaimeza siku moja tu kwa wiki, si kila siku. Akipata kikohozi kipya, homa na kukosa pumzi, aende hospitali mara moja.

Kwa familia zilizohama, shida ni kubwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi za kuzunguka Goma zilivunjwa, watu wakatawanyika tena. Katika kukimbia, fishi ya hospitali hupotea mapema, na mgonjwa anaanza upya mbele ya muuguzi asiyemjua. Kila familia iweke fishi ya mgonjwa pamoja na kadi ya uchaguzi, ndani ya mfuko wa plastiki. Aliye na simu aipige picha. Na mbabula isiwashwe ndani ya shitingi alipolala mtu mwenye kifua kibovu, hata mvua ikinyesha. Apikiwe nje, chini ya kibanda.

Wakubwa wa maeneo ya afya na mashirika yanayosaidia vituo wanaweza kuanza na kidogo: kipimo cha kidole katika kila kituo, mstari mmoja wa pumzi kwenye fishi ya kila mwenye baridi yabisi, na mafunzo ya siku moja kwa wauguzi na reko. Wagonjwa nao wasingoje kuulizwa. Anayeumwa vidole aseme pia habari ya pumzi yake, na asiondoke mbele ya muuguzi kabla mgongo wake haujasikilizwa.