Maji Maji kwa Macho Mbalimbali

Mwalimu mmoja ametuuliza: watoto wakionyeshwa picha mbili za vita vya Maji Maji zisizopatana, waambiwe ipi ni ya kweli? Swali hili si dogo kwetu tukaao Lizaboni, maana makaburi ya vita vile yako papa hapa Songea, na vitukuu vya waliozikwa wamo madarasani mwetu.

Tuanze na Mdachi. Wilhelm Kuhnert alikuwa mchoraji wa wanyama. Simba na tembo ndio waliompa jina kwao Ujerumani. Vita vilipozuka mwaka 1905 alikuwa katika nchi hii, na baadaye akachora kwa rangi za mafuta mapigano ya Mahenge ya tarehe 30 Agosti, siku wapiganaji waliposhambulia boma. Picha ya namna ile hushika saa moja tu, saa ya kishindo. Haiwezi kuonyesha kilichoua watu wengi kuliko risasi, yaani njaa, baada ya mashamba na maghala kuteketezwa kwa amri ya wakubwa. Tena njaa haipendezi ukutani mwa sebule.

Watu wa pwani walishika kalamu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alisimulia vita hivyo kwa utenzi, nao ulipigwa chapa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kisha Ebrahim Hussein akatunga mchezo wake, Kinjeketile, uliotoka mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Lakini yule wa mchezoni anaishi hata kushindwa kwa watu wake, anatakiwa aikane dawa yake, naye anakataa. Je, mtungaji amedanganya? Hasha! Mwenyewe ametangulia kusema ya kuwa mtu wake ni wa kubuni. Namheshimu kwa hilo kuliko mchoraji atufanyaye tudhani tumeona kwa macho yetu.

Sasa njoni katika Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hapo pana sanamu za manduna wa Kingoni, kila mmoja na uso wake na jina lake. Mashujaa 67 walionyongwa mwaka 1906 hukumbukwa hapo kila Februari, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Katika picha ya Mdachi wapiganaji ni kundi. Mchonga sanamu wa kwetu ameanza na jina. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo akaomba msamaha mbele ya wazao wao.

Basi, mwalimu, uwaulize watoto: msanii huyu alisimama upande gani? Nani amepewa jina? Ni nini kilichoachwa nje? Na yule ambaye babu wa babu yake amelala pale, mwache aseme kwanza.