Haki za Binadamu Hazikuletwa na Ndege



Hapa Chepseon tungali tunaisikia kauli kwamba haki za binadamu ni bidhaa ya wageni, na kwamba mashirika yanayozitetea yaliundwa ng'ambo ili kutugombanisha. Kauli hiyo ina punje moja ya ukweli, na ni heri tuianzie hapo. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya iliasisiwa mwaka 1992 huko Marekani, ikasajiliwa nchini mwaka 1994. (Isichanganywe na tume ya serikali iliyoundwa baadaye kwa sheria, ijapokuwa Maina Kiai alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa ile na mwenyekiti wa kwanza wa hii!)

Lakini waasisi hao walikuwa akina nani? Makau Mutua alifukuzwa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa mwanafunzi, akaishia uhamishoni. Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria, alitiwa kizuizini mwaka 1982. Alamin Mazrui alikuta hayo hayo, baada ya kuandika tamthilia ya Kilio cha Haki, inayohusu vibarua wa shamba la mkoloni, jambo ambalo mchumaji yeyote wa majani chai angelielewa bila kufafanuliwa. Walikuwapo pia Kiai mwenyewe na mwanahabari Peter Kareithi. Mtu aliyefungiwa mlango nyumbani kwake akabisha kutoka uani hageuki kuwa mgeni.

Sisi wanasheria tunapaswa kukiri kwamba mlango huo ulifungwa kwa sheria. Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma iliiruhusu serikali kumzuilia raia bila mashtaka wala hukumu, na uwezo huo haukuondolewa hadi mageuzi ya mwaka 1997.

Nasi wa Kericho twaijua sheria ya namna hiyo tangu zamani. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Walaibon. Familia za ukoo wa Talai, wazee, wake na watoto, zikahamishiwa Gwassi, nchi ya malaria na mbung'o. Hawakufikishwa mahakamani mmoja mmoja kujibu kosa lolote. Kosa lilikuwa ukoo. Je, waliolia wakati ule walifundishwa na mgeni gani?

Lawama yetu kwa Tume ni nyingine kabisa. Kwa muda mrefu imesema zaidi katika ripoti za Kiingereza kuliko vijijini. Hata hivyo, ni Tume hiyo iliyosimama na wazee wa Mau Mau hadi Uingereza ikakubali, mwezi Juni 2013, kulipa paundi milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kilichoishinda serikali ya London kilikuwa kumbukumbu za wazee wenyewe, zikiungwa mkono na majalada yaliyokuwa yamefichwa huko huko Uingereza.

Wapo miongoni mwetu wazee waliozaliwa Gwassi. Tunayaomba makanisa ya hapa yatenge siku, yateue vijana wenye mwandiko mzuri, na kuandika kwa Kipsigis na Kiswahili: jina la mzee, boma lao lilikuwa wapi, nani aliyewaondoa, nani alifia njiani. Kila ushahidi utiwe sahihi au alama ya kidole mbele ya wakili, na nakala moja ibaki kanisani.