Kadi Mnayo, na Dada Je?

Mwezi huu tuweke pembeni habari za wivu na meseji za usiku, tuzungumzie kadi. Si ya benki wala ya harusi. Nasema ile ya bima ya afya iliyolala kwenye pochi yako.

Kama mmoja wenu ni mtumishi wa umma, utaratibu wa NHIF mnaujua: mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu unakatwa wewe, nusu anatoa mwajiri. Mnatibiwa mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi 4. Raha, au sio?

Sasa hesabu wanaolala nyumbani kwako. Yule dada anayemwogesha mtoto na kuamka saa 11 alfajiri kuandaa chai, yuko kwenye kadi ya nani? Mtoto akichemka usiku, mnakimbia hospitali. Dada akichemka, anapewa panadol akalale. Siku ya tatu anapandishwa basi "akapumzike kwao", ambako zahanati iko mbali na nauli ya bodaboda ni ya kukopa.

Niliwauliza marafiki zangu, mke na mume, wote wana kazi nzuri. Mume akasema, "Si tunamlipa mshahara?" Mkewe akamgeukia: "Na wewe si unalipwa? Mbona una kadi?" Kaka kimya!

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nzuri sana. Lakini sheria haiwezi kujua kwamba dada anakohoa wiki ya pili sasa. Wewe unamsikia.

Na gharama isiwe kisingizio. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Kwa mjini hiyo ni dina ya wawili, tena bila soda ya pili.

Kwa hiyo wapendwa, wikiendi hii kaeni mpange. Ulizieni ofisi ya bima au serikali ya mtaa dada anaweza kujiunga wapi, na mchango usikatwe kwenye mshahara wake. Kisha mwambieni wazi: ukiumwa, sema mapema, tutakupeleka. Wengi wanaficha ugonjwa kwa kuogopa kurudishwa kwao.

Mtu unayemwachia mwanao kutwa nzima, kweli unashindwa kumpeleka kwa daktari?

Tukutane mwezi ujao.