Rafiki ndiye alipe kwanza

Hapa Goma kuna imani iliyozeeka mpaka hakuna anayeihoji: mwanamke mwenye mashini ya kushona nyumbani hapaswi kumdai rafiki yake pesa ya mkono. Rafiki analeta kikwembe, anaonyesha modeli kwenye simu, anasema, "Unishonee tu, arusi ni Jumamosi, tutaonana." Akiombwa avansi, uso unabadilika. Kesho yake mtaa mzima umesikia kwamba fulani siku hizi anapenda pesa kuliko watu. Nasema imani hii ni mbaya, na inawaumiza wale wale tunaodai kuwapenda.

Tuanze na nguo yenyewe. Kikwembe kizima ni yadi 6, karibu mita 5 na nusu. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, mshonaji amepima bega, kifua, kiuno, nyonga na mkono. Amepanga maua ya kikwembe yakutane vizuri kifuani, yasije yakasimama kichwa chini mgongoni. Mkasi ukishapita hakuna kurudi, na akikosea atalipa yeye. Kisha kuna bitana ya libaya, zipu, pindo, kufunga kingo za ndani zisichanike, kupiga pasi kila mshono, kujaribisha, kufumua, kushona tena. Uzi, sindano na makaa ya pasi hununuliwa. Rafiki anaona gauni. Saa zilizoingia ndani yake hazioni.

Watetezi wa desturi hii wana hoja, nami naiheshimu. Goma ni mji uliosimama kwa kusaidiana. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji Januari 2002, na watu walipokimbia tena Mei 2021, wengi walilala kwa marafiki wakala nao sahani moja, na hakuna aliyewapigia hesabu. Basi, wanauliza, gauni moja ni nini kati ya watu waliolala chini ya paa moja?

Lakini msaada wa siku za lava ulitoka pande zote, kila mtu akitoa alichokuwa nacho kwa hiari yake. Ushonaji wa bure unakwenda upande mmoja. Rafiki anayeuza unga Birere hatoi mfuko kwa ajili ya urafiki, na hakuna anayethubutu kumwomba. Anayeuza samaki wa sambaza pale Kituku analipwa hata na jirani yake. Unga na sambaza tunajua vimenunuliwa. Kazi ya mikono ya mwanamke ndani ya nyumba yake tunaihesabu kuwa sehemu ya tabia njema, pamoja na kupika na kufagia.

Mzizi uko hapo. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba. Julai 2016 sharti hilo liliondolewa. Sheria imekwisha kukubali kwamba mwanamke ndiye mwenye kazi yake. Sisi, wanawake wenzake, bado. Tunaingia kwake na kikwembe mkononi tukiamini kwamba muda wake ni mali ya yeyote anayemwita dada.

Na tunafanya hivyo katika wakati mgumu. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na pesa taslimu ikawa adimu. Nyumba iliyotegemea mshahara wa benki ikabaki kutegemea kinachoingia siku kwa siku. Kwa nyumba ya namna hiyo mashini ni chakula cha jioni. Wasichana wanaojifunza ushonaji, kwa mfano pale Don Bosco Ngangi, huambiwa ufundi huo utawalisha. Utawalisha vipi? Mshonaji anayeanza hana duka wala jina. Wateja wake wa kwanza ni marafiki. Marafiki wasipolipa, ufundi unakufa kabla mgeni hajabisha hodi.

Sisemi zawadi ife. Mwanamke akiamua mwenyewe kumshonea rafiki yake gauni la arusi bila malipo, ametenda jambo kubwa. Lakini zawadi huamuliwa na mtoaji. Ikidaiwa na mpokeaji inageuka kodi. Tena ukubwa wa zawadi hujulikana pale tu bei inapotajwa. Aliyetajiwa bei, kisha akaambiwa "hii nakupa," anajua amepewa nini. Asiyetajiwa hudhani amepewa kitu kidogo, na atarudi mwezi ujao na kikwembe kingine.

Kwa hiyo rafiki ndiye alipe kwanza, alipe bei kamili, na atoe avansi kabla kitambaa hakijakunjuliwa. Yeye ndiye anayewajua watoto wa mshonaji kwa majina, na anajua ni yupi amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa ada. Mteja wa mbali anaweza kusema hakujua, wewe rafiki huwezi. Nawe mshonaji, taja bei kabla ya kupima, mbele ya rafiki sawa na mbele ya mgeni, na uiandike, maana mali bila daftari huisha bila habari. Urafiki utakaovunjika kwa sababu umetaja bei ulikuwa ukiishi kwa jasho lako, na hauna haki ya kuendelea.